Kasi ya Mjomba na Kasi ya Dada Hadija

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia Magomeni ya Mtwara mnanielewa, mtoto aliyerudi nyumbani kutoka shule akiwa msafi aliulizwa kama anaumwa. Tulirudi na vumbi mpaka kwenye kope, midomo imebabuka kwa utomvu wa mabibo, matunda ya mkorosho, gauni la shule lina madoa yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Mama alituangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, nendeni mkaoge kabla sijawasahau kuwa ni wanangu." Kisha tulikalishwa mkekani, tukaletewa sinia la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Leo mjukuu wangu akiona ming'oko anauliza kama ni dawa.

Lakini sikukaa kuandika habari za ming'oko. Nimekaa kuandika habari za kriketi, na najua wengine mmeshaanza kucheka. Kriketi Mtwara? Ndiyo, Mtwara hiyohiyo. Upande wa Shangani kulikuwa na kiwanja kidogo ambacho Wahindi wenye maduka, makarani wa Kigoa na Wazungu wachache wa maofisini walikuwa wakicheza jioni na siku za mapumziko. Na mtu aliyekitunza kiwanja kile, tangu enzi za mkoloni mpaka baada ya Uhuru, alikuwa mjomba wetu, kaka yake mama, Mjomba Salumu.

Kwa asiyeujua mchezo huo nitamweleza kwa kifupi, nisimchoshe. Mmoja anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mwingine anakuja mbio kutoka mbali, anauzungusha mkono juu ya kichwa bila kukunja kiwiko, anarusha mpira mgumu mwekundu, unadunda mara moja na kwenda kwenye vijiti. Mwenye gongo anavilinda. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mdakaji, kazi yake kudaka kila kinachopita. Yako mengine mengi, lakini kwetu sisi watoto utamu wote ulikuwa kwa mrushaji. Na ndani ya urushaji, utamu wote ulikuwa kwenye kasi.

Pale Shangani hawakucheza kwenye udongo mtupu. Walicheza juu ya jamvi nene la nyuzi za makumbi ya nazi, refu kama chumba cha darasa, lililotandazwa pale katikati na kukazwa kwa misumari mirefu. Jamvi lile lilikuwa kazi ya mjomba. Alilitandaza, akalinyunyizia maji, akalivuta mpaka halina kunyanzi hata moja, na mchezo ukiisha akalikunja na kuliingiza bandani. Alilitunza kuliko alivyotunza mkeka wake wa kuswalia, na mama alimwambia hivyo usoni, naye akajibu kwamba Mungu anasamehe kunyanzi lakini mpira hausamehe.

Jioni za mazoezi wale mabwana walihitaji mtu wa kuwarushia, na wao kwa wao walichoka haraka. Wakamwita mtunza jamvi. Wakagundua kwamba yule mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono inayokaribia magoti, anarusha kuliko mtu yeyote waliyemwandika kwenye timu yao. Kwa hiyo mazoezini alirusha yeye mpaka jua linapungua nguvu, na siku ya mechi yenyewe alirudi kwenye jamvi lake, kwani siku hizo haikuwa desturi mtunza kiwanja kucheza na mabwana. Uhuru ulipokuja na mambo yakalegea, umri wake nao ulikuwa umelegea. Nilipopata akili nzuri alikuwa na mvi kidevuni, na bado jioni moja moja alikuwa akirusha, na watu waliokuwa wakipita kando ya kiwanja walisimama kumtazama.

Mipira iliyopasuka mshono ilikuwa ikitupwa, na mjomba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliishona upya kwa sindano ya shazia na kutuletea Magomeni. Gongo tulichonga wenyewe kwenye upongoo wa mnazi. Mpira wa ngozi ukipotea kwenye mikorosho, tulitengeneza mwingine kwa utomvu wa mpira pori ulioletwa na watu wa bara, tukauviringisha na kuuvika kitambaa. Na huo nao ukipotea, basi tulirushiana mabibo. Aliyekosa kulipiga bibo alilitambua kwa harufu siku tatu nzima.

Na katika watoto wote wa mtaa, wa kiume na wa kike, hakuna aliyerusha kama dada yangu Hadija.

Alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Alirithi mikono ya mjomba, mirefu, isiyojua pa kukaa akiwa ametulia. Alifunga khanga kiunoni juu ya gauni, akaenda mpaka kona ya ua wa jirani, akageuka. Kisha alikuja. Sijui niseme vipi. Watoto wengine walikimbia ndipo wakarusha, lakini kwa Hadija mbio na kurusha vilikuwa kitu kimoja. Matiasi, kijana ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kuja kwetu wakikimbia vita, ndiye aliyekuwa hodari wa gongo mtaani, na hakumwogopa mtu. Lakini Hadija akianza mbio, Matiasi alijipiga ishara ya msalaba. Mimi ndiye niliyekuwa mdakaji wake, kwa sababu wengine wote walikataa. Nilijivunia kazi ile. Mikono yangu iliwaka, ilivimba, nami shuleni niliionyesha kwa wenzangu kana kwamba nimevishwa pete.

Ubishi wetu mkubwa wa siku zile ulikuwa huu: nani mwenye kasi zaidi kupata kutokea Mtwara? Msinicheke. Leo vijana wananibishia juu ya warushaji wa nchi za mbali, wa juzi na wa zamani, na ushahidi wote wanautoa kwenye simu. Huyu kilomita kadhaa kwa saa, yule kadhaa na nusu. Nusu! Mtu ambaye ukimtuma dukani anauliza kama bodaboda ipo, anakuchambulia mbio za watu kwa nusu kilomita. Sisi hatukuwa na kilomita. Tulikuwa na midomo, na tuliitumia mpaka chakula kinapoa.

Mjomba alipokuja kula kwetu siku za Ijumaa, ndipo ubishi ulipokolea. Yeye alishikilia kwamba hata yeye mwenyewe si kitu. Aliyekuwa mkali, alisema, ni Mzungu mmoja wa forodha wa zamani, wakati yeye mjomba angali kijana, ambaye watu walimpachika jina la Bwana Tiara kwa urefu wake na kuyumba kwake kama kishada hewani. Mpira wa Bwana Tiara, kwa maneno ya mjomba, ulisikika kabla ya kuonekana. Sisi tukamwambia mjomba, Bwana Tiara alivaa viatu vya misumari, wewe ulivaa raba zilizotoboka, kwa hiyo tukikuvisha viatu vyake wewe ndiye zaidi. Mjomba akacheka, lakini nilimwona amefurahi. Tukamwambia tena, wewe ulirusha juu ya jamvi linalousukuma mpira, na Hadija anarusha kwenye mchanga na mawe, peku, kwa hiyo tukimpa Hadija jamvi, je? Hapo mjomba aliacha kucheka. Alimtazama Hadija, akakata tonge, akasema, "Watoto wa siku hizi mmelegea kama mlenda. Sisi tulikula mhogo mkavu. Ninyi mnakula boflo."

Naam, tulikuwa watoto wa boflo, mkate wa dukani, sisi tunaojisifu leo kuwa tulikuwa wagumu. Kila zama na kitabu chake, na kila zama na wazee wake wanaosema kitabu cha mwanzo kilikuwa kizuri zaidi.

Mwaka huo mavuno yalipoingia ghalani, mwezi wa sita kuelekea wa saba, mjomba alikuja siku isiyo Ijumaa. Tulijua kuna neno. Baba alikuwa mtu wa bandarini, mpole, na kwetu sisi, watu wa ukoo wa mama, mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba. Alikaa na mama uani kwa muda, kisha mama akamwita Hadija. Alikuwa amekwisha kua. Likizo ile angeingizwa unyagoni pamoja na binti wawili wa mtaa wa pili.

Mambo ya ndani hayaandikwi, na sitayaandika. Ninachoweza kusema ni kile ambacho kila mtu wa Mtwara anakijua: anayeingia ni mtoto, anayetoka ni mtu mzima. Mtu mzima hakimbii mtaani khanga kiunoni. Mtu mzima hachezi na Matiasi. Hadija aliinamisha kichwa kama ilivyopasa, akasema, "Nimesikia, mjomba." Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, na niliiona mikono yake imekunjwa kama iliyoshika mpira.

Kwetu mjomba humnunulia mpwa wake khanga za kutokea, na humuuliza anapenda zipi. Mjomba Salumu akauliza. Hadija akasema jambo lililomfanya mama aangushe ungo. "Mjomba, khanga usininunulie. Nataka nirushe na wewe mipira sita sita, kwenye jamvi."

Mama alimkemea papo hapo. Mtoto hashindani na mjomba wake! Amerogwa? Mjomba hakusema ndiyo wala siyo. Aliondoka, akarudi kesho yake, akamwita Hadija peke yake mpaka kwenye mkorosho wa nyuma ya nyumba, wakazungumza.

Walichozungumza mimi sikukijua wakati ule. Nilikuja kukijua baada ya miaka. Lakini ninyi nawaambia sasa hivi, mjue uzito wa kitu nilichokuja kukibeba kwenye ulimi wangu. Mjomba alimwambia hivi: "Tutarusha. Wewe ukinishinda, ukitoka ndani utaendelea kurusha, pale pale kiwanjani kwangu, na atakayekusema vibaya aje anikabili mimi. Nikikushinda mimi, utayaacha haya na moyo mweupe." Hadija akakubali. Nani ataamua? Mrushaji hajui kasi yake mwenyewe, hilo mjomba alilisema siku zote. Kasi anaijua anayedaka. Na aliyeweza kudaka mpira wa Hadija alikuwa mmoja tu. Mjomba akasema, "Basi ni Mwanahawa. Mtoto haongopi. Atakalosema ndilo, na hakuna kurudia."

Mwanahawa ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wachezaji wa kiwanja wamekwenda Lindi kwenye mechi. Mama alitupa uji wa mtama, akanisogeza kando mlangoni. Alikuwa hapendi jambo lile, lakini neno la kaka yake lilikuwa neno. Alinifunga kilemba vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unisikilize. Mjomba wenu hashindwi na mtoto. Hata ukiona nini, mjomba wenu hashindwi. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Nilikuwa mtoto msikivu. Hilo ndilo kosa langu, kama usikivu unaweza kuwa kosa.

Tulitembea watatu mpaka Shangani, mjomba mbele, Hadija katikati, mimi nyuma. Kiwanjani mjomba alitoa jamvi bandani akalitandaza kama vile wanakuja mabwana hamsini, akalinyunyizia maji, akagongomea misumari yote, hata ile ambayo kwa mazoezi huwa haigongomelewi. Akachomeka vijiti vitatu. Akanipa glavu kuukuu za mdakaji, ngozi ya viganjani imekwisha. Kisha akatoa mfukoni mpira mpya. Mpya kabisa, mwekundu, unanukia ngozi na mafuta. Sijui aliupata vipi na sikuuliza. Hadija hakuwa amewahi kushika mpira usioshonwa mara ya pili.

Alianza mjomba. Alivua kofia, akaiweka chini, akahesabu hatua zake kurudi nyuma. Nilikuwa nimemwona akirusha mara nyingi lakini sikuwahi kukaa mwisho ule wa jamvi. Ulikuja mfululizo wa sauti tatu: raba zake, mpira kwenye jamvi, mpira kwenye mikono yangu. Wa kwanza ulinisukuma nyuma. Wa pili nao. Wa tatu ulipita ubavuni mwa kijiti ukakipangusa, kikatetemeka bila kuanguka. Wa nne ulikitoa kijiti cha kati. Nilikirudisha huku meno yangu yakigongana. Wa tano na wa sita nilizisikia pumzi zake kabla ya raba zake, na mipira ilikuja vizuri, iliyonyooka, lakini niliiona ikija. Nieleweni: ile minne ya mwanzo sikuiona, ya mwisho niliiona.

Akaja Hadija. Alisimama pembeni ya jamvi akalikanyaga kwa kidole cha mguu, kama mtu anayepima maji ya moto. Wa kwanza aliteleza, mpira ukaenda kando. Mjomba akasema kwa upole, "Usilikimbilie jamvi. Liache likubebe." Nilishangaa. Mtu anamfundisha anayeshindana naye?

Wa pili ulikuja sawa na ile ya mjomba iliyo bora. Wa tatu uliuzidi. Wa nne sikuuona, nilisikia tu kiganja changu kimejaa. Wa tano ulikivunja kijiti cha kulia, kikaruka kipande mpaka nyuma yangu. Na wa sita, ndugu zangu, wa sita nimeuota maisha yangu yote. Hadija alianza mbio karibu na banda. Khanga ilifunguka ikaanguka njiani asijue. Nilimwona mkono ukipita juu, na kilichofuata nilikuwa nimelala chali, mpira umenipiga hapa, juu kidogo ya kifua, na vijiti viwili vilivyobaki vimelala. Sikulia. Nilikuwa nimejawa na furaha ya ajabu, furaha ya kuwa nimepigwa na kitu kikubwa namna ile, na kwamba ni cha dada yangu.

Wote wawili walinikimbilia wakaniinua. Mjomba akanipangusa mchanga mgongoni, akachuchumaa tukawa macho kwa macho. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye zile mvi za kidevu. "Pole mwanangu. Huumii? Haya, sasa sema. Nani?"

Hadija alisimama nyuma yake. Alikuwa anahema, mikono imening'inia, ananitazama kwa uso ulio wazi kabisa, uso wa mtu anayejua jibu na anasubiri tu litamkwe. Nikamtazama mjomba. Nikaona amezeeka. Nikaona raba zake. Nikasikia sauti ya mama mlangoni.

"Wewe, mjomba," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, mjomba."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimempa zawadi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na nilisubiri afurahi. Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akasema, "Nangu nilidhani leo nitapumzika." Nangu ni mimi, kwa Kimakonde chetu. Halafu akaenda kuanza kung'oa misumari ya jamvi, mmoja mmoja. Hadija aliokota khanga yake akajifunga, safari hii kifuani, akaenda kumsaidia kukunja. Hakuniuliza kitu. Njiani alinishika mkono, kwa sababu kifua kilikuwa kinaniuma, na hakuuachia mpaka Magomeni. Laiti angenipiga.

Aliingia ndani wiki iliyofuata. Alitoka akiwa amenawiri, mafuta yanang'aa, khanga mpya za mjomba mwilini, ngoma zinalia, kina mama wanapiga vigelegele. Alikuwa mzuri mno. Niliona wivu na huzuni pamoja. Baadaye kidogo Matiasi alimtupia mpira, kwa mazoea tu, alipokuwa akipita na ndoo kichwani. Hadija aliudaka kwa mkono mmoja bila maji kumwagika, akaushusha chini polepole pembeni mwa njia, akaendelea na safari yake. Sikumwona akirusha tena kitu chochote, hata jiwe la kufukuza kuku.

Miaka michache baadaye, nikiwa shule ya bweni, nilipata taarifa kuwa Mjomba Salumu amefariki. Nilifika hitima imekwisha somwa. Ni mama aliyenieleza habari za ile ahadi ya chini ya mkorosho, akidhani inanifurahisha, jinsi kaka yake alivyompenda Hadija. Akaongeza jambo ambalo mimi, kwa elimu yangu yote ya darasani, sikuwa nimelitia akilini. Mjomba hakuwa na mtoto. Na hata angekuwa naye, kwetu cha mjomba hurithiwa na mpwa. Shamba, jina, hata jembe. Kushindwa na mtoto wa jirani kungekuwa aibu. Kushindwa na mpwa wako ni kurithiwa. "Alikuja hapa jioni ile," mama alisema, "akakaa pale, akaniambia, dada, mkono wangu utakufa na mimi."

Nikamwambia mama ukweli. Mama alijifunika uso kwa khanga. "Na mimi ndiye niliyekwambia," alisema, akalia, nami nikalia, na watu wa hitima walidhani tunamlilia marehemu. Tulikuwa tunamlilia kweli.

Mama naye akaenda na siri ile. Mimi nikabaki nayo. Kumwambia Hadija sikuweza. Aliolewa Mpapura, akalima korosho na mihogo, akazaa, akazeeka vizuri. Kila nilipomtembelea nilijiambia leo, na kila niliporudi nilijiambia safari ijayo. Na yeye, kila wajukuu zake walipobishana habari za warushaji wanaowaona kwenye simu, aliwaambia kwa fahari, "Mimi nilishindana na mjomba wangu, mrushaji mkubwa wa Mtwara nzima. Akanishinda. Nilishindwa na mkubwa." Wajukuu walicheka, wakidhani ni hadithi ya bibi. Mimi nilitazama chini.

Mwaka jana nilimwambia. Tulikuwa barazani kwake tunabangua korosho, wawili tu, watoto wako uani. Nilimwambia yote, maneno ya mama mlangoni, mipira ile sita, mpaka ule wa mwisho. Alinisikiliza bila kuacha kubangua. Nilipomaliza, alipangusa mikono kwenye upande wa khanga yake.

"Kwa kiasi gani?" akauliza.

"Nini, dada?"

"Nilimpita kwa kiasi gani?"

"Mbali," nikasema. "Ulimpita mbali sana, dada."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonja chakula akakuta chumvi imetosha. Machozi yalimtoka lakini alikuwa anatabasamu, na aliniambia pole. Mimi! Kisha akawaita wajukuu wake wote kutoka uani, wakubwa na wadogo, wakaja na simu zao mikononi, akawapanga mstari mbele ya baraza. "Simama, Mwanahawa," akaniambia. "Sema sasa. Ulivyopaswa kusema."

Nikasimama, bibi mzima wa zaidi ya miaka sitini. Nikasema kwa sauti, kama shuleni, "Hadija."

Wajukuu wakapiga makofi bila kuelewa. Mmoja akauliza ilikuwa kilomita ngapi kwa saa. Enzi zao kasi ya mtu huandikwa kwenye mashine siku ileile, hata mrushaji akifa inabaki, mtu wa bara nyingine anaisoma. Wana bahati, hata kama nawadhihaki. Enzi zetu ilikaa kinywani mwa mtoto mmoja, na mtoto huyo alichelewa miaka hamsini kuisema. Hadija ameisikia. Mjomba Salumu hakuisikia.